Imeli Isiyouliza Kama Nimekula

Alhamisi, Kaloleni, 2018

Bosi hata asante hakusema, na pesa yake ya sukari nimeiokoa mimi.

Imeli ilikuja kwa jina la Mzee Salim, karani wa muuzaji wetu wa sukari Mombasa: tulipe leo leo, kwa akaunti mpya. Ila haikuuliza kama nimekula. Mzee Salim haniandikii bila kuuliza hilo.

Nikampigia simu.

“Sijaandika chochote, binti yangu. Hao wezi, msilipe! Na wewe, umekula?”

Nikasema nimekula.

Tangu tumzike mama, hakuna mwingine anayeniuliza. Stovu hata sijaiwasha.

Mwizi nilimtambua kwa maandishi tu. Mzee Salim alinisikia sauti kabisa, na hakujua namdanganya.