Mercy Hatakuwa Nesi

Mama Mercy,

Nina neno ambalo hutalipenda, na nimechoka mno kulizungusha. Lakini wacha nianze na habari za kazi, kama tulivyokuwa tukifanya kila asubuhi.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Kenyatta Market ni ile ile. Moshi wa nyama choma bado unaingia kwenye nywele za wateja kabla hatujamaliza kuwasuka. Nasema "hatujamaliza" kwa mazoea tu, maana kibandani nimebaki peke yangu. Kichwa tulichokuwa tukigawana, wewe kushoto, mimi kulia, mpaka tukutane utosini, sasa nakisuka chote mwenyewe, na ikifika saa kumi miguu imevimba. Wateja wanauliza, "Kwani yule mwingine alienda wapi?" Mwanzoni nilikuwa naeleza. Siku hizi nasema hayupo, naendelea kusuka.

Sasa lile neno. Siku ile hospitalini, presha imekulaza huwezi hata kugeuza shingo, ulinishika mkono ukasema, "Digrii, huyu mtoto akuwe nesi. Usimwache achezee hiyo kozi." Digrii ndilo jina ulilonipa siku niliyokuja kukuomba unifundishe kusuka, nikakwambia nina shahada ya biokemia. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, halafu ukanipa kichana. Basi pale kitandani nikakuitikia. Nilisema, "Sawa, atakuwa nesi."

Hatakuwa nesi. Mwezi uliopita tulibadilisha kozi.

Nafasi yenyewe ya chuo ilikuja vile vile tulivyoijaza mimi na wewe, uuguzi, chaguo la kwanza. Nilipiga vigelegele hadi jirani akatoka nje. Mercy alisema asante tu, akaendelea kuosha vyombo. Jumapili akanifuata kwangu mtaani Satellite baada ya kanisa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Auntie, nitafanya hiyo nursing kama ni lazima. Lakini mimi nataka kusomea udongo."

"Udongo gani?"

"Udongo tu. Ya shamba. Kuna kozi yake."

Nilikasirika, Mama Mercy. Nilimjibu kwa maneno yako kabisa: "Mama yako alikimbia jembe kule Siaya, wewe unataka kulifuata na kalamu?" Hakubishana. Alilia kidogo, akafuta uso kwa kiganja. "Mathe alisema nikusikize wewe. Ukisema nursing, ni nursing." Heri angenitukana, ningejua la kumjibu.

Kuna jambo sikukwambia. Siku ya mazishi, watu wakiimba, Mercy aliinama kando ya lile rundo lililotoka kaburini, akachukua udongo mkononi, akauliza wachimbaji kwa nini wa juu ni mweusi na wa chini ni mwekundu. Dada zako walinong'ona kwamba mtoto huyu ana moyo mgumu. Hata mimi nilimvuta mkono kwa hasira. Sasa nafikiri alikuwa anatafuta kitu cha kushika siku ile, na hicho ndicho alichokiona.

Jumatatu nikiwa kazini nikamkumbuka yule mteja wa koti la bluu, aliyekuja ukiwa bado hai. Nilimjua kwa sauti na kwa kovu nyuma ya sikio, kwa maana miaka minne chuoni tulikuwa benchi moja la maabara. Sasa ni meneja wa bima. Alikuwa kwenye simu muda wote, na anayesukwa hamwoni anayemsuka. Vidole vyangu vilisimama. Wewe hukuuliza. Ulivuka tu upande wangu, ukanisukia mistari miwili mpaka nikapata nguvu. Alipoondoka nikakueleza, nawe ukasema, "Mlisoma kitu moja, mwalimu ni mmoja. Na leo mmoja amekaa, mwingine amesimama. Basi si kozi."

Nikakuuliza ni nini basi.

"Mimi nitajuaje? Mimi ni wa darasa la nane. Lakini Mercy wangu atakaa."

Ni wewe uliyesema si kozi. Halafu hospitalini ukaishikilia kozi kwa mikono miwili. Sikulaumu, hofu ya mzazi haina darasa. Baba yangu naye alinichagulia biokemia kwa sababu alisikia mtu wa kemia halali njaa. Miaka kumi sasa watu wananiuliza, "Na ile digrii?" Sijui niwajibu nini. Labda ni bahati, labda ni kujuana, labda niliacha kuomba kazi mapema mno. Ningejua, ningekuwa nimekaa.

Jumatano tukaenda saiba, kile kibanda cha intaneti cha Dagoretti Corner, kwa kuwa dirisha la kubadilisha kozi mtandaoni lilikuwa linafungwa Ijumaa. Kijana wa pale aliuliza, "Ako sure? Watu wanalilia hiyo nursing." Mercy akanigeukia. Ulikuwepo kichwani mwangu, na mkono wako ukiwa umenishika vile vile. Nikasema, "Ako sure." Hapo ndipo nilipokuvunjia ahadi. Nisamehe, au nikasirikie, lakini usimkasirikie yeye.

Jana alikuja asukwe; kozi ya udongo wamemkubalia, kesho anaripoti chuoni. Unajua alikuwa hajawahi kukalia kile kiti cha mteja? Wewe ulikuwa ukimsukia nyumbani, yuko sakafuni katikati ya magoti yako. Nilianza upande wangu wa kulia. Nilipovuka kuja kwako kushoto, nilisimama pale pale ulipokuwa ukisimama. Nikajaribu kusuka kama wewe, pembeni bila kukaza, kwa sababu ulisema paji la msichana halivutwi. Upande huo pekee ulinichukua saa tatu. Nilipomaliza kuchovya ncha za nywele kwenye maji moto, akapapasa kushoto akasema, "Huku ni kama Mathe." Nilienda kumwaga yale maji nyuma ya kibanda.

Mama Mercy, wacha nikupe ahadi nyingine badala ya ile. Kila chuo kikifungwa nitamsuka, pande zote mbili. Na akimaliza, akazunguka na karatasi yake mji mzima, akarudi hapa sokoni mikono mitupu, sitamwuliza digrii ilienda wapi. Wewe peke yako hukuniuliza.

Nitamwambia akae.

Pumzika, rafiki yangu wa upande wa kushoto.

Nafula