Usine ya muchele bila pa kuanika

Sonia, uko? Soma hii, lakini usiitumie mutu mwengine.

Tunatoka sasa hivi ku mukutano ya ile usine, kiwanda ya muchele, yenye wanataka kujenga ku shamba yetu, hapa Wamaza. Injeniere Gaston alibandika plan ya kwanza ku ukuta ya kanisa. Watu wakapiga makofi, baba kupita wote.

Mimi nikaangalia ile plan. Pa kuanika mupunga hakuna. Hata kidogo! Lakini bassin ya maji iko mbili, kubwa kupita usine yenyewe.

Nikasimama: "Injeniere, mupunga tutaanika wapi?"
Akacheka: "Mama, hii ni plan ya mwanzo tu. Hiyo tutaongeza kisha."
"Na bassin ni ya nini?"
"Ya kusafisha."
"Kusafisha nini?"
"Muchele."

Muchele, Sonia! Nani anaoshaka muchele mbele ya kuuzisha? Bassin za vile niliziona Salamabila, kwenye wanaosha zahabu. Eti muchele!

Baba akanifokea mbele ya watu wote: "Marcelline, ikaa! Unatupatisha haya." Nikaikaa.

Kutoka inje, Gaston akanifuata. Nikajua anakuja kunigombeza. Hapana. Akaniuliza polepole, na kicheko: "Wakati mulichimba kisima kwenu, muchanga ilikuwa rangi gani?"

Muchanga! Toka afike hapa, hajauliza hata siku moja tunavunaka mupunga ngapi.

Na kesho asubui baba anaenda kumuonyesha ile kisima.