Dawa za Magoti Usizitupe

Makongeni,
Thika.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Asubuhi ya baridi. Mawingu yameshuka karibu na mapaa, na manyunyu hayajakatika tangu saa kumi na moja.

Mpendwa Mama Mkubwa Nafuna,

Nakusalimu kwa heshima, mimi binti yako Viola. Habari za Kimilili, na habari za mwili wako? Safari hii siulizi kwa desturi tu. Unakula? Chakula kinakaa tumboni? Ukiinuka kitandani, kichwa kinazunguka? Tafadhali jijibu kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Sisi huku tunaendelea, ila mama yangu, mdogo wako Magdalene, yuko hospitalini tangu Jumapili iliyopita. Yuko hai. Jana mama alikunywa uji kikombe kizima, kisha akalalamika kwamba hauna sukari, nami nikaanza kuamini kwamba atarudi nyumbani.

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii tena, na anayepaza sauti unasema anakutukana. Barua inaletwa na mwanao Simeon, anayesafiri leo jioni. Atanipitia hapa akitoka kwake Mwihoko. Nimemwomba asikueleze jambo hili kwa mdomo, maana ni rahisi kulikosea. Mimi nililikosea.

Ni zile dawa za magoti. Zile tembe za kahawia, kwenye chupa isiyo na jina, ambazo mama alikuwa akizinunua kwa mzee mmoja kule Ruiru na kukugawia nusu, zimefungwa ndani ya leso. Mwaka wa pili sasa mmekuwa mkizimeza pamoja, yeye huku na wewe huko, mbili kila asubuhi. Sikulaumu, wala simlaumu yeye. Alisimama mbele ya mashine ya kufuma vitambaa miaka ishirini na miwili, na tembe hizo ndizo zilizomwezesha kupiga magoti kanisani bila kushika benchi. Muuzaji alisema ni mizizi tupu.

Baadaye uso wake ukajaa ukawa duara. Tumbo likakua, mikono ikakonda, na akigongwa kidogo tu ngozi inavilia damu. Majirani walimwambia Thika imemkubali. Picha mliyopigwa Krismasi ninayo ukutani. Tulicheka siku ile kwamba mmezeeka mkawa pacha. Wiki hii nimeigeuza ikatazama ukuta, kwa sababu humo nawe una uso ule ule.

Unajua tabia yangu ya kuandika kila siku kwenye daftari. Nanakili hapa nilivyoandika.

Mei 31: Nimesikia redioni kwamba baadhi ya dawa za viungo za mitaani huchanganywa na dawa kali za hospitali. Nimezimwaga za mama chooni nikavuta maji. Amenuna.

Juni 2: Mama amechoka, hakufagia.

Juni 5: Anatapika. Anasema ni malaria.

Juni 7: Hataki kula. Amelala mchana kutwa.

Tarehe nane asubuhi, akijiandaa kwenda kanisani, alisimama kufunga kitambaa cha kichwa, akaanguka kati ya kitanda na meza. Alikuwa baridi na jasho linamtoka. Mama Mkubwa, nilimwita kwa jina lake. Sijawahi kumwita mama yangu kwa jina lake. Hakuitika. Mume wangu Boaz alimbeba mgongoni hadi barabarani, nami nyuma yao nimeshika viatu vyake.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana, Amrita, mzaliwa wa hapa hapa Thika. Presha ya mama ilikuwa chini sana, na sukari vilevile. Daktari aliutazama ule uso, akaitazama mikono, akaniuliza, "Ni dawa gani ameacha kutumia?"

Nikamwambia hakuna dawa, ni mizizi tu ya magoti.

"Mizizi. Na ameiacha lini?"

Sikuhitaji kukumbuka. Nililitoa daftari kwenye mkoba nikamwonyesha Mei 31. Alisoma kurasa zote hadi siku ile, na kabla hajanirudishia alikuwa amekwisha kumwita muuguzi alete sindano. Baadaye aliniambia, "Dada, mizizi yenu ilitoka kiwandani." Kisha akaniambia kwamba kuzimwaga ghafla kulikuwa hatari kuliko kuzimeza, na nusura kumuue.

Nakueleza nilivyoelewa. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hizo hutengeneza homoni iitwayo kortisoli, inayoshikilia presha na sukari na kuusaidia mwili kustahimili ugonjwa. Ndani ya tembe zile, daktari anaamini, kuna dawa inayofanya kazi ya homoni hiyo hiyo, tena kwa wingi. Ndiyo maana maumivu yalitulia na uso ukavimba. Mama mwenyewe amelieleza vizuri zaidi, kwa lugha ya kiwandani. Anasema mfanyakazi akikuta kila asubuhi mtu mwingine yuko kwenye mashine yake, ataacha kuja kazini. Ukimfukuza yule mwingine siku moja, mashine inabaki bila mtu, na mwenyewe yuko nyumbani amelala. Huamshwa polepole, kwa miezi. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari ndiye anayepunguza.

Sasa naja kwa neno ambalo nimelizungusha tangu nianze barua. Siku ile ile ya Mei 31, nikijiona nina akili, nilimtumia Maxine, mjukuu wako anayekuita Kukhu, ujumbe kwenye simu: Mwambie Kukhu azitupe zote leo. Akajibu: Sawa auntie. Maneno hayo mawili nimeyasoma tena na tena wiki nzima. Tangu Jumatatu nimepiga simu yake, na haipatikani. Mwalimu jirani yako naye hapatikani. Kila nikimwona mama na ule mpira wa maji mkononi, nakuona wewe umeanguka na hakuna wa kukubeba.

Nimeiacha kalamu hapa kidogo, maana simu imelia. Ni Maxine. Stima zilipotea huko siku tano, simu zikakosa chaji. Nimemuuliza kwa sauti kubwa hata Boaz amekuja mlangoni.

"Kukhu hajazitupa, auntie. Alizificha kwenye mkebe wa majani chai."

"Anazimeza?"

"Kila asubuhi. Alisema yeye alifundisha miaka thelathini, hafuati amri ya simu. Anayetaka kumkataza kitu amwandikie barua."

Nimekaa chini sakafuni, Mama Mkubwa. Kiburi chako cha ualimu, ambacho tumekicheka miaka yote, nakishukuru leo.

Basi hii ndiyo barua uliyoingoja, na inakuambia kinyume cha ule ujumbe. Usizitupe. Usiziache hata siku moja, wala usiongeze. Maxine amezihesabu, zimebaki sita, yaani Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi uwe hospitalini na Simeon, na ule mkebe mkononi. Daktari Amrita ameandika karatasi, iko ndani ya bahasha hii. Mpe daktari wa huko kabla hujaulizwa lolote. Ukitapika au ukizimia kabla ya hapo, msingoje Jumatatu, nendeni saa hiyo hiyo. Na ukitaka kunigombeza, andika. Nitaisoma kila sentensi.

Mama anakusalimu. Anasema nilivyomwaga dawa zake, panya wa mitaro ya Makongeni sasa wanatembea vizuri kuliko yeye. Boaz anakusalimu pia. Msalimie Maxine, umwambie sina hasira naye. Ujumbe ulikuwa wangu. Mungu aliyekuzuia mkono akushike hadi Jumatatu, na siku zote baada ya hapo.

Ni mimi, binti yako akupendaye na aliyekukosea,
Viola.

Naongeza haya saa kumi jioni, Simeon amesimama mlangoni. Tangu Jumapili, kwenye daftari langu mahali pa kuandika saa ya kulala pamebaki wazi. Leo nimepajaza: nililala kitini, viatu mguuni, saa saba na dakika arobaini mchana.