Chuma Kilichong'aa

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, ukiacha hiyo nyonga. Mimi sijambo: nakula, nalala, na nywele nachana, usije ukaniuliza.

Shangazi ameniambia umekataa tena upasuaji. Eti umemjibu daktari kwamba chuma kilishamsaliti mume wako, wewe hakikupati ng'o. Nilicheka, kisha nikalia. Basi ngoja nikueleze kazi yangu, maana kila ukiniuliza nafanya nini humu maabarani nakujibu juu juu.

Tunaotesha seli za mfupa, chembe zisizoonekana kwa macho, juu ya vipande vya chuma kama cha nyonga bandia. Wiki ya kwanza nilipewa vipande niviandae. Mimi niliyelelewa kusugua masufuria mpaka mtu ajione uso, nikavipaka dawa ya kung'arishia, nikavisugua hadi vikawaka. Nikajiona fundi. Tulipochungulia kwenye hadubini, seli zilikuwa zimejikunja, zinaelea ovyo kama wageni wasiopewa viti. Mkuu wangu akauliza nani alinifundisha usafi huo. Nikamwambia ni mama yangu. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akanieleza kwamba seli hutaka mahali pa kushika. Chuma hupuliziwa mchanga kwa nguvu kikwaruzike, halafu huoshwa mafuta yote. Hapo ndipo seli hutandaza miguu, zikang'ang'ania, zikajenga mfupa.

Tangu siku hiyo nawakumbuka nyinyi wawili. Jioni mkizunguka ua baada ya Baba kuwekewa nyonga ya chuma, mkono wake begani mwako, wewe ukimhesabia hatua, yeye akikutania kwamba hata jeshini hakupata afande mkali hivyo. Mimi nimekaa kizingitini nawatazama, kazi za shule zimelala. Natamani jioni moja tu ya zile, Mama. Halafu chuma kikalegea, Baba akarudi kitandani, na wewe hukutaja tena mguu wake.

Najua kwa nini. Siku ya msiba wa Baba nilikusikia ukimwambia Shangazi, "Ni mimi niliyemtembeza mpaka kikang'oka." Sikuwa na la kukujibu.

Leo ninalo. Juzi tuliletewa nyonga bandia ya zamani, aina ile ile ya Baba, iliyotolewa kwa mgonjwa mwingine baada ya kulegea. Nikaishika mkononi. Imekaa ndani ya mfupa miaka na miaka, na bado inang'aa kama vijiko vyako vya wageni. Hakuna kilichoshika pale, Mama. Hata Baba angelala tu bila kunyanyua kidole, ingelegea. Si wewe. Hukumharibia mguu, ulimpa zile jioni.

Daktari wako anatumia zilizokwaruzwa, nimempigia simu nikamuuliza. Ukikubali, naomba ruhusa nije. Bega langu lipo, na zamu hii nitahesabu mimi.

Nisalimie Shangazi, mwambie asante kwa umbeya wake. Nakupenda sana, Mama.

Ni mimi mwanao mtundu,
Chokochoko