Taa ya Meza Hufifia Kwanza

2 Machi

Mwanangu Bisibisi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwako uliye mbali. Kazini hawajambo? Kibali cha ukaazi kimetoka?

Niwie radhi kwa kuchelewa. Hii kompyuta uliyoniachia imeanza ukaidi. Naandika vizuri, ghafla inazimika, na barua imekwenda na maji. Hii yenyewe nimeianza upya mara kadhaa. Na simu usihangaike kupiga. Sikio la kulia limegoma, na la kushoto limeamua kumuunga mkono mwenzake. Tuandikiane tu.

Mama Cherehani wa mlango wa pili anakusalimu. Anasema unatengeneza kompyuta za watu huko ughaibuni na ya baba yako inakufa hapa, kweli kinyozi hajinyoi.

Usije ukafikiria safari. Ukitoka huko kabla ya kibali, mlango umefungwa. Tulikubaliana hivyo hata mama yako alipozikwa. Hii ni kompyuta tu.

Baba yako

5 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Kazi inaendelea, kibali bado. Mwambie Mama Cherehani kinyozi amesikia, wembe unakuja.

Tufanye kama ulivyonifundisha nilipokuwa nakushikia bisibisi kwenye redio za wateja: badili kitu kimoja, jaribu, kisha nenda kwenye kingine. Ukibadili viwili kwa mpigo, hata ikipona hujui kilichoiponya. Anza na vumbi. Chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kasha, safisha feni kwa brashi ya rangi. Kisha andika mpaka izimike. Ikizimika, chomoa tena na uguse lile bati lenye mapezi chini ya feni. Likiunguza kidole, tatizo ni joto.

Niambie pia inakaa muda gani kabla ya kuzimika, na wewe unakuwa unafanya nini. Ulikuwa ukisema mteja hudanganya, mashine haidanganyi. Basi leo wewe ndiye mteja.

Mwanao,
Bisibisi

19 Machi

Mwanangu Bisibisi,

Sijambo, na wewe uwe hivyo. Nimetoa vumbi la kutosha kupandia maua. Mama Cherehani alisimama mlangoni amefunika pua, akaniuliza kama nafufua maiti. Nikamwambia bado sijajua kama imekufa.

Imezimika tena. Bati ni vuguvugu tu, kidole changu kizima. Kuhusu muda: mwezi wa pili ilikuwa inanivumilia barua nzima. Sasa haimalizi ukurasa.

Kibali vipi?

Baba yako

22 Machi

Shikamoo Baba,

Sijambo. Kibali kiko mezani kwa mtu, ndivyo wanavyosema kila nikienda.

Muda kupungua hivyo si dalili nzuri. Kuna kitu kinachoka. Twende kwenye RAM: vile vijiti viwili vya kijani vilivyosimama kwenye bodi. Vitoe, sugua meno yake ya manjano kwa kifutio cha penseli, rudisha kimoja, andika. Kisha kitoe hicho, weka mwenzake, andika tena. Ukimaliza, tazama kapasita, vile vikopo vidogo kwenye bodi, unazijua kuliko mimi. Ikiwa kuna iliyovimba kichwa, niambie. Na kuna mwenzangu anakuja huko, nimempa pawa saplai nyingine, kile kisanduku cha kulisha kompyuta umeme, akuletee. Ile ya zamani usiifungue. Itakurusha.

Hukunijibu unakuwa unafanya nini inapozimika.

Mwanao,
Bisibisi

30 Aprili

Mwanangu,

Sijambo. Vijiti vyote viwili ni vizima. Kapasita zimelala bapa, hakuna iliyovimba. Pawa saplai nimeifunga. Inazimika vilevile, na siku hizi ni aya mbili tu.

Kuna jambo sikukuandikia, na fundi anayeficha dalili si fundi. Kabla haijazimika, taa ya meza hufifia kwanza.

Baba yako

2 Mei

Shikamoo Baba,

Sijambo, natumaini nawe hujambo.

Basi kompyuta ni nzima. Tumekuwa tukimtibu asiyeumwa. Taa ikififia hivyo, kuna kitu kizito kimewashwa kwenye waya huohuo. Waya wa chumba chako uliuvuta mwenyewe kwa ajili ya taa na redio, nami nilikushikia ngazi. Ni mwembamba. Friji iko jikoni kwenye laini nyingine. Pasi ya Mama Cherehani iko kwenye mita yake mwenyewe. Nimekipita chumba hicho chote kichwani: kitanda, meza, kabati, redio. Hakuna cha kuivuta taa chini.

Baba, unawasha nini humo?

Mwanao,
Bisibisi

27 Mei

Bisibisi,

Umenikamata. Ni mashine ya oksijeni. Iko kando ya kitanda tangu Januari. Mapafu yamechoka, daktari anasema ni moshi wa lehemu wa miaka yote ile. Anataka iwake muda wote.

Sikutaka ujue kabla ya kibali. Usije.

Baba

28 Mei

Shikamoo Baba,

Barua hii naituma kwenye simu ya Mama Cherehani akusomee. Utaona sababu.

Daktari anataka mashine iwake muda wote. Lakini mashine inayowaka muda wote haiwezi kuifanya taa ififie ghafla. Taa hufifia pale mashine inapowashwa, na mashine haiwezi kuwashwa kama haikuwa imezimwa. Nimekaa na hilo tangu jana, nikilitafutia maelezo mengine kama ulivyonifundisha. Sijayapata.

Waya haubebi vyote viwili. Ukitaka kuniandikia, unazima oksijeni, unawasha kompyuta. Pumzi ikikuishia unawasha oksijeni, na kompyuta inazimika. Barua nzima, kisha ukurasa, kisha aya mbili. Nilikuwa nasoma hapo uchovu wa pawa saplai. Nikafunga kifurushi nikatuma. Ilikuwa pumzi yako. Na sikio lako halina ugonjwa wowote, ulijua nikisikia sauti yako kwenye simu nitakuwa kwenye ndege siku hiyohiyo.

Kila barua iliyonifikia mwaka huu umeiandika bila hewa, pamoja na ile ya sikio lililogoma. Nami nilikuwa nakulalamikia kibali kilivyokawia, na kukutaka uandike tena ili tujaribu kijiti cha pili.

Nimekwenda kwa msimamizi leo asubuhi. Ameniambia nikiondoka kibali kinafutwa na nafasi anapewa mwingine. Nimemkabidhi funguo za karakana. Usinigombeze, funguo sitazidai tena. Mama nilimzika kwa barua. Wewe sikuachi hivyo.

Nafika Jumamosi. Naja na waya mnene na soketi mpya, nitakuvutia laini ya peke yake kutoka kwenye mita. Utakaa kitandani utoe amri, mimi nitapanda ngazi.

Mama Cherehani, ukifika hapa kwenye kusoma, tafadhali weka simu chini kidogo, ingia chumbani uichomoe kompyuta ukutani mwenyewe. Usimwachie yeye, namjua. Waya wake ondoka nao kwako.

Sasa endelea kumsomea. Baba, usinijibu. Najua ukishasikia haya utataka kuandika neno moja tu. Usiliandike. Nitakuwa nafungua barua pepe kila kituo cha njiani mpaka mlangoni kwako, na kila nitakapokuta hakuna kitu, nitajua unapumua.

Mwanao,
Bisibisi