Trekta Lililonguruma Bila Kazi

Mwaka umetimia, Veijo Tolonen, tangu asubuhi ile ya Februari ulipotutoka na kutuachia injini inanguruma. Tulitaka kukuandikia kumbukumbu kama wanazoandikiwa wenzako, ya maneno laini matupu. Mkeo Aila aliisoma ile ya kwanza, akafika pale binti yenu Outi alipoandika "baba yetu mkweli", akachukua kalamu akalikata neno la mwisho.

"Andikeni yaliyotokea," alisema. "Mema yake yote yaandikeni. Na hilo nalo liandikeni."

Basi tunaandika.

Ulikuwa mwema, hilo halina ubishi. Miaka ishirini na minane uliondoa theluji kwenye njia ya nyumba tatu: yetu, ya Urho jirani yetu, na ya bibi Elma mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye muuguzi humjia kila asubuhi kumchoma sindano. Hukuwahi kungoja kuombwa. Kahawa ulikunywa kwa kisahani, kidonge cha sukari kimebanwa menoni, na mezani ulikaa kimya hadi wageni wakadhani umewakasirikia. Saunani, kwenye bafu la mvuke, ndiko ulikopiga mluzi. Mashine za msituni zilizowashinda mafundi wengine ziliburutwa hadi uani kwetu, na ziliondoka zikitembea zenyewe.

Kisha, majira ya kuchipua mwaka juzi, moyo ukakushika. Daktari wa hospitali ya Kajaani akakuzibua mishipa, akakutazama usoni. "Kuzoa theluji kwa koleo, basi," akasema. "Ukitaka kuishi, theluji iondolewe na mashine." Mashine tuliyokuwa nayo ya kurusha theluji ilifungwa nyuma ya trekta, nawe ilikubidi uendeshe kinyumenyume shingo imepindwa, na shingo yako ilikwisha kugoma. Aila ndiye aliyesema, "Tutaunda nyingine, tuifunge mbele." Wewe ukacheka. Trekta letu ni dogo, nguvu ya injini ya kuzungusha mashine hutokea nyuma tu.

Mkaiunda. Kiangazi kizima ghala halikunyamaza. Mdomo wa mashine mliukata kutoka kwenye tangi kuukuu la mafuta lililokuwa chini ya nyumba. Shafti mliipitisha chini ya tumbo la trekta, kutoka nyuma hadi mbele. Lililokushinda ni lile parafujo kubwa la kuvuta theluji. Mara tatu ulichomelea mapanga yake na mara tatu yakakaa upande. Aila akaacha cherehani yake, akaja na mkasi na kadibodi. Akakata duara lenye tundu katikati, akalipasua mahali pamoja, akalivuta ncha mbili. Likajisokota lenyewe.

"Hili ni rinda, mzee," akakwambia. "Miaka arobaini nashona marinda. Wewe ulidhani ni nini?"

Ukakata chuma kwa kufuata kadibodi yake. Mapanga yakakaa bila kulazimishwa.

Theluji ya kwanza ilipoanguka mkaijaribu mashine, nayo ikaisukuma theluji nje badala ya kuimeza. Urho alikuwa ameegemea ukuta wa ghala. "Veijo," akauliza, "hiyo inavuna theluji au inapanda?" Hata Aila alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akakuonyesha kosa: mmeitoa nguvu nyuma mkaigeuzia mbele, kwa hiyo inazunguka kinyume, na hata kinu cha kusagia nyama ukikizungusha kinyume kinakurudishia nyama yako. Outi akaleta gia mbili kutoka kwa wauza vyuma chakavu, mkazipachika ndani ya giaboksi, kisanduku cha gia. Siku ya pili theluji iliruka juu ya paa la ghala. Ulimnyanyua mkeo hewani, naye akakupiga kofi la bega kwa kuusahau moyo wako.

Siku hiyo ulimpa ahadi mbili. Ya kwanza, hutagusa koleo tena. Ya pili ilihusu bolti. Wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha kwamba mashine ya namna hii lazima iwe na kitu kimoja dhaifu kwa makusudi: bolti laini inayoshika shafti, ili mashine ikimeza jiwe au gogo, bolti ikatike na vingine vyote vipone. "Humu haitaingia bolti ngumu," ulisema. Mkapeana mikono. Kwetu huku mkono ukishapeanwa, hakuna karatasi tena.

Januari ikaja na barafu. Bolti zikawa zinakatika, siku nyingine mara mbili kabla ya kufika kwa bibi Elma. Kila mara ushuke, uvue glavu kwenye baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, ukigonge kipande kilichokatika kitoke, utie nyingine. Urho alipita akakutania: "Leo umeshuka mara ngapi kuiamkia mashine yako, bwana?" Ulitabasamu. Tunajua sasa kwamba utani huo ulikuchoma. Ukatia bolti ngumu, hukumwambia mtu.

Siku sita kabla ya kufa kwako, mashine ilimeza gogo lililoporomoka kutoka kwenye kuni za bibi Elma. Bolti ikakataa kukatika. Giaboksi ndiyo iliyopasuka.

Sasa tunafika panapouma. Hukusema. Kila asubuhi uliliendesha trekta hadi kwenye kona nyuma ya ghala, pasipoonekana kutoka dirisha la jikoni. Ukaliacha linanguruma pale pale. Ukatoa koleo ulilolificha nyuma ya kuni, ukachimba kwa mikono njia ya nyumba tatu, na moyo wako ule. Ndani Aila alikuwa akinywa kahawa na kusikiliza injini, roho yake imetulia. Injini ile uliiacha iwake kwa ajili yake, Veijo. Ilikuwa inamdanganya kwa niaba yako.

Siku ya nne alitoka kwenda kwenye sanduku la barua, akaona kingo za theluji zimesimama wima, nadhifu kama zimepigwa pasi. Akakusifu wakati wa chakula.

"Leo umeinyoosha njia vizuri mno."

"Mashine yako ni nzuri, bibi wewe," ukamjibu, ukaongeza siagi kwenye mkate.

Alifurahi siku nzima. Hilo ndilo asiloweza kulimeza mpaka leo, kwamba alifurahi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ya siku sita. Asubuhi ya mwisho injini iliwaka tangu saa kumi na mbili hadi saa mbili na robo. Outi alipopiga simu, mama yake alimwambia, "Baba yako amenogewa na mashine, hataki kurudi ndani." Wakacheka wote wawili. Wakati huo ulikuwa umelala kwenye theluji, na koleo limelala kando yako. Aliyekuona ni muuguzi. Njia ilikuwa imebaki hatua tano tu kufika kwa bibi Elma. Alipomaliza kukuhangaikia na kuona hakuna la kufanya, alizivuka hatua hizo theluji ikimfika magotini, akaenda kuchoma sindano.

Baada ya kukuzika, tulipokuwa tunakunywa kahawa ya msiba, Urho alimwendea Aila, kofia mkononi.

"Nilimwona, Aila. Siku ya tatu. Nilimwona na koleo."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilidhani nyumbani mnajua."

"Na trekta linanguruma hapo, halina mtu, ukadhani nini?"

"Si desturi yetu kumuuliza mtu kwa nini anapiga koleo. Unajua hilo, Aila."

Alijua. Kila aliyekuwa chumbani alijua. Sisi ni watu wa kutoingilia ya jirani, tena tunajivunia. Aila akamwambia akae chini anywe kahawa kabla birika halijapoa. Lakini hakummiminia.

Aprili, theluji ilipoanza kulainika, alikwenda ghalani na Outi wakaifungua mashine. Giaboksi ilikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Bolti yako ngumu ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Aila akaishika kiganjani.

"Mama, tuitupe," Outi akasema.

"Aliniambia mashine yangu ni nzuri," mama yake akajibu. "Akinitazama machoni, Outi. Akipaka siagi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tungekuumbua sisi kwanza, tena kwa upendo! Ungesema, Aila angekugombeza mpaka jioni, kisha Urho angeleta mashine yake, na Jarkko mwanao angekuja kutoka mjini Oulu na giaboksi kwenye buti ya gari. Tuliijenga mashine ile ili tubaki nawe. Wewe ukaichagua aibu yako ndogo, ukatuacha.

Tumeitengeneza. Majira haya ya baridi anaiendesha Aila, amevaa koti lako kwa sababu lake halizuii upepo. Wiki ya pili ya Januari mashine ilimeza barafu mbele ya nyumba ya Urho, bolti laini ikakatika. Urho alitoka mbio, amevaa buti moja tu. "Aila! Kuna nini? Nikusaidie?" Ni mara ya kwanza katika maisha yake kumuuliza mtu swali kama hilo. Aila akamwambia asimame hapo na saa yake, ampimie muda. Akavua glavu, akakigonga kipande, akatia bolti mpya, akakaza nati.

"Ngapi?" akauliza.

"Dakika saba," Urho akasema.

Ndipo akaketi kwenye ngazi ya trekta akalia, akipiga chuma kwa ngumi. Urho hakuondoka, wala hakutazama pembeni.

Dakika saba, Veijo.

Wanaokukumbuka ni binti yako Outi na mumewe Sakari, mwanao Jarkko, mjukuu wako Helmi anayepiga mluzi kama wewe, dada yako Kerttu, bibi Elma, na Urho aliyeomba aandikwe. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote za maisha yetu.

Mkeo Aila ametaka aandikwe peke yake. Hajakusamehe. Kila Jumapili anakuja hapo kaburini kukuwashia mshumaa na kukwambia hivyo.