Kesi Iliyofungiwa Milango kwa Sababu ya Daftari

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada kabla sijaomba sanda, maana nina miaka themanini na mitatu, moyo umechoka, na daktari siku hizi hanipangii tena tarehe ya kurudi, ananiambia tu "tutaonana, mzee," kwa sauti ninayoijua kwa kuwa nami niliitumia kwa wanafunzi waliokwisha kufeli.

Nilikuwa mkaguzi wa shule, na ugonjwa wangu ulikuwa kwamba nilikagua hadi nyumbani, yaani nilikuwa na daftari na kalamu nyekundu, na kila Ijumaa kwa miaka kumi na mmoja nilimpa mke wangu alama, ugali sitini na mbili, "laini ila umechelewa," kisamvu arobaini na nane, "chumvi imetawala," kumpokea mume mlangoni thelathini na tano, "uso haujachangamka," nafasi yake ya kwanza kati ya mmoja, kisha namwambia aweke sahihi, naye akaweka, akaweka, mpaka Ijumaa moja hakuweka, akalibeba daftari hadi mahakamani kudai talaka.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa, mtaa wetu wa Isevya wote ulikuja na karanga zake, na karani alipofunua daftari nikachungulia, nikaona ukurasa wa mwisho una wino wa bluu, ambao si wangu, kumbe yule mama naye alikuwa amenikagua, kazi ya usiku, alama kumi na moja kwa mia, maoni: "Huchelewa kuanza, huwahi kumaliza, kisha hujisifu." Nikasimama, mshauri, nikamwomba hakimu kesi isikilizwe faraghani "ili kulinda heshima ya mama huyu," kwa sauti ya huruma hata hakimu akanisifu kuwa muungwana, watu wakatolewa, milango ikafungwa, tukaamriwa yaliyosemwa humo yabaki humo, talaka akapata, na daftari nikarudishiwa mimi kwa kuwa lilikuwa na jina langu.

Lakini mtaa haukukubali kwamba milango hufungwa kwa sababu ya kisamvu. "Kuna jambo yule mwanamke alilifanya halisemeki," wakasema, na mimi nilipoulizwa niliinamisha kichwa nikasema, "Tumsitiri," neno baya kuliko uongo wowote niliowahi kusema. Mwenzangu alikuwa somo, akiwafunda mabinti wa mji huu kabla ya ndoa, na tangu siku ile hakuna aliyempelekea mwanawe, sasa ni mwaka wa thelathini na moja anauza asali na kunyamaza kwa kuwa mahakama ilimwambia anyamaze, na mjukuu wetu Shamila anaolewa mwezi ujao, anamtaka bibi yake awe somo wake, shangazi za bwana harusi wamekataa katakata.

Mimi Mnyamwezi nina mtani wangu Mzaramo, Saidi, na watani wetu tangu enzi za misafara wana ruhusa ya kusema lolote msibani pasipo mtu kununa, basi nimepanga alisome daftari mbele ya jeneza langu, lote, pamoja na ule ukurasa wa bluu, ingawa mwenyewe ananiambia, "Mwalimu, kusoma nitasoma, ila nitacheka mpaka nitumbukie kaburini kabla yako." Je, tutakuwa tumevunja amri ya mahakama, au maiti hashtakiwi?

Mzee wa Ipuli

Shikamoo, mzee wangu. Kwanza, jina la mama huyo nimelifuta mahali saba ulipoliandika, na majina mengine nimeyabadili. Mtu anayeuliza habari za siri kupitia gazeti angeanza na hilo.

Nimecheka, sikufichi, mwenzangu wa meza ya pili hapa gazetini aliniuliza kama naumwa. Kisha nikafika kwenye asali, kicheko kikakatika.

Unachotafuta ni kutubu bila kutazamwa usoni. Saidi asome, watu wacheke, wewe umelala zako ndani ya sanda. Na arusi ni mwezi ujao! Unataka Shamila asubiri ufe ndipo apate somo? Na ukichelewa kufa je? Daktari ndiye aliyekukatia tamaa. Moyo bado haujasema.

Mlango ule uliufunga bila kumwuliza mwenzio, ukasema unamlinda. Leo unataka kuufungua bila kumwuliza, na bado unasema ni kwa ajili yake. Ni mkaguzi yuleyule. Mahakama kufunga mlango si kosa. Wapo wanaouhitaji, watoto hasa, na asione haya msomaji wangu yeyote kuuomba. Wewe uliuomba kwa jina la mwingine, ukajifunika mwavuli peke yako, yeye akanyeshewa miaka thelathini na mmoja.

Sasa sikiliza. Kesho upelekwe kwake. Usimwite kwako, umemwita vya kutosha. Mpe daftari mkononi, mwulize anataka nini kisemwe, kisha ufunge mdomo. Akitaka yaliyomo yatoke, nendeni wote wawili mahakamani mkaulize namna ya kuomba amri ile ilegezwe, msijichukulie ruhusa. Ukurasa wa bluu ni wake. Akiamua kuuchoma, sawa. Akiamua kumpa Saidi, utasomewa ukiwa hai, na utavumilia.

Akitaka siri ibaki, bado una kazi. Lile "tumsitiri" hukulisema mahakamani. Ulilisema mtaani, mchana, kwa hiari yako, na hakuna hakimu aliyelifungia. Ukamwombe ruhusa hata ya hilo, kisha uende kwa hao shangazi, Shamila akiwepo, useme: "Hakuwa na aibu ya kusitiriwa. Niliyejisitiri ni mimi." Wakikuuliza aibu gani, hapo sasa ndipo uinamishe kichwa.

Barua yako nimeikagua. Mwandiko tisini, toba thelathini na nane. Maoni: ana uwezo, ila hakumwuliza mwenye jambo, arudie mbele yake. Naye akikupa alama yoyote, weka sahihi.